Baridi Nyuma ya Punda

Seva ililala juu ya meza, kifuniko kimefunguliwa, na nusu ya vijiti vyake vya kumbukumbu havikuwemo. Aliyeligundua pengo hilo ni fundi mdogo wa chumba cha mashine, binti aliyekuwa amesimama kando na bisibisi mkononi. Na kwa kuwa aliligundua yeye, na ufunguo wa chumba ni dhamana yake, hospitali nzima ilikwisha kumtia hatiani kabla polisi hawajafika.

Sajini, mama wa makamo, aliingia akiburuta mguu. Kiuno kilimsumbua tangu alfajiri, na kesi yenyewe ilimchosha kabla hajaisikia.

"Huyo hapo," mkurugenzi alimwambia, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Ukimaliza kuandika, ondoka naye. Barua yake ya kufukuzwa inachapwa sasa hivi."

"Si ndiye aliyetoa taarifa?"

"Mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele za mwizi, afande."

Sajini alivuta pumzi. "Haya. Nielezeni kama mnavyomweleza mama mkwe. Mashine hii ni ya nini?"

Binti akamweleza. Hospitali ilitaka kubadilisha seva zake zote, zile zinazobeba mafaili ya wagonjwa. Wauzaji wawili walikuwa wameleta kila mmoja seva yake ya majaribio, yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kampuni yake. Wiki nzima mashine hizo zilipewa kazi zile zile, kila moja ndani ya kabati lake, ili ijulikane ipi inunuliwe.

"Hiyo iliyobaki kabatini tunaiita Swala," binti alisema. "Prosesa yake ina viini vichache, lakini kila kiini kina mbio. Ukimpa kazi moja, anaimaliza kabla hujakaa. Ila bei yake ni mara mbili, na umeme anakunywa kama maji. Huyu wa mezani ni Punda. Viini vyake ni vingi, kimoja kimoja ni cha polepole, lakini anabeba kazi nyingi kwa pamoja. Na kila faili analifungia chumba chake, hata sisi mafundi hatuchungulii."

"Hospitali ina kazi moja au nyingi?"

"Nyingi, mama. Madirisha yote ya mapokezi, maabara, duka la dawa, vyote kwa wakati mmoja. Punda alikuwa anashinda. Jana mchana nikapanda juu kutengeneza printa ya maabara, niliporudi jioni nikakuta kasi imemwanguka, anajikongoja. Prosesa yenye viini vingi bila kumbukumbu ya kutosha ni sawa na wapishi wengi wenye sufuria moja. Nikakosa usingizi. Asubuhi nikamfungua, nikaona hivyo."

"Vijiti hutolewa mashine ikiwa inatembea?"

"Hapana. Lazima uizime kwanza. Na saa ya kuzimwa huandikwa ndani ya mashine yenyewe, ila maandishi ya jana yamefutwa."

"Nani anaijua nywila ya kufutia?"

Binti aliinamisha kichwa. "Ni ile ya kiwandani, hatukuibadilisha. Imebandikwa ubavuni."

Sajini alikaribia kucheka, kisha akaona ni kazi. Badala yake akazunguka nyuma ya kabati la Swala kutafuta pa kuegemea. Huko joto lilimpokea kama mdomo wa jiko. Feni zilipuliza hewa ya moto moja kwa moja kiunoni. Alikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika kwa upelelezi. Aliposogea nyuma ya kabati la Punda, lililokuwa tupu, kiyoyozi cha ukutani kilimmwagia baridi ya mochwari. Kiuno kikamkumbusha yeye ni nani.

"Punda akiwa kazini hapa pana joto?"

"Kuliko hapo kwa Swala. Mimi nikinyeshewa, mtandio naukaushia hapo."

Ufunguo, ilibainika, ulikuwa dhamana ya binti kwa maneno tu. Kutwa ulining'inia kwenye msumari mlangoni pa chumba, pamoja na masweta mazito ambayo kila anayeingia huchukua moja. Kwa mujibu wa daftari la mlangoni, jana mchana, binti akiwa juu, walioingia walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa wakala anayeuza Swala, ambaye wafanyakazi walimwita Manukato kwa sababu harufu yake ilifika dakika tano kabla yake na kuondoka kesho yake.

Sajini alimhoji kwenye kibaraza. Jasho lilimtoka Manukato ingawa upepo ulikuwepo.

"Uliingia kufanya nini?"

"Kuangalia mashine yangu, afande. Kweli nilikuwa nashindwa, sifichi. Nikasogea nyuma ya yule Punda wao kupiga simu."

"Kwa nini nyuma ya Punda na si ya kwako?"

"Mbele kule unaganda. Nyuma yake pana joto kushinda kwangu, kama tanuri, nikavua hata koti." Akajifuta. "Nikampigia bosi, nikamwomba tupunguze bei. Muulizeni. Mtu aliyeharibu mashine ya mwenzake anaomba kupunguza bei ya nini?"

Hoja haikuwa mbaya. Sajini alimpigia bosi, bosi akathibitisha kwa matusi.

Wa pili alikuwa fundi mkuu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na chumba kile tangu kilipokuwa stoo ya magodoro. Binti alimwita mjomba, ingawa hawakuwa na undugu; ndiye aliyemfundisha kazi.

"Binti ana shida," mzee alisema taratibu. "Kwao anasomesha wadogo zake. Sisemi ameiba. Nasema shida haina adabu."

"Wewe jana uliingia saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu. Yule wa manukato alikuwa ametoka, harufu tu ndiyo iliyobaki. Kulikuwa na waya umelegea nyuma ya Punda, nikaukaza."

"Mashine ulizikuta zinafanya kazi?"

"Zote mbili. Nilizikuta zinanguruma, nikaziacha zinanguruma."

"Ulikaa sana huko nyuma?"

"Waya msumbufu, na macho haya. Nilikaa hadi mifupa ikalia. Baridi ya pale, mwanangu, nilivaa sweta mbili na meno bado yakagongana."

Sajini aliandika, akafunga kalamu. Alimtazama mzee kwa muda, jinsi mtu anavyoutazama mlima ambao lazima aupande.

"Twende chumbani," alisema. "Sote. Na mkurugenzi aje na barua yake."

Ndani, alimwomba binti amrudishe Punda kabatini na kumwasha na vijiti vilivyobaki, kisha ampe kazi kama ya jana. Feni zikaanza kunguruma. Sajini akawapanga wote nyuma ya kabati, fundi mkuu katikati, ndani ya sweta lake. Wakangoja. Hewa ikaanza vuguvugu, ikawa moto. Mkurugenzi alilegeza kola. Matone yalitokea kwenye paji la uso la mzee, yakashuka hadi kwenye uzi wa miwani.

"Vua sweta, fundi," Sajini alisema.

Mzee hakuvua.

"Manukato alisimama hapa jana, akavua koti. Wewe ukaja baada yake, ukavaa sweta mbili. Nakuamini. Nadhani ulitetemeka kweli. Lakini pahali hapa hapana baridi ila Punda akiwa amezimwa, na wewe uliniambia umemkuta ananguruma na kumwacha ananguruma."

Mzee alitafuta kiti, hakukuwa na kiti, akakaa sakafuni.

"Ningesema palikuwa na joto," alisema mwishowe. "Imenitoka tu. Baridi ile ilinitesa mno."

"Kwa nini, mjomba?" Ilikuwa mara ya kwanza binti kumwuliza kitu bila kuinamisha kichwa.

Mzee alinyoosha mkono kuelekea safu ya makabati ya zamani, mpaka mwisho wa ukuta. "Nilifanya hesabu. Punda wawili tu wanabeba kazi ya makabati yale yote. Swala, kwa bei yao, wangeyaacha nusu, na nusu ile ingenitosha hadi kustaafu. Yakiondoka yote, mimi nabaki nalinda nini? Hewa?"

"Na huyu ukamwachia jela," Sajini alisema.

"Nilidhani watasema Punda ni mbovu, basi. Vijiti ningevirudisha wakishamkataa. Sikujua kama angemfungua."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," binti alisema. "Mashine ikibadilika tabia ghafla, usiilaumu. Ifungue."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyesahihishiwa ubao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alikuwa ameubebesha mgongo wa mtu mwingine na hakuusikia uzito hadi sasa. Alitambaa hatua chache, akainua kigae kimoja cha sakafu, na kutoka chini yake akatoa vijiti vilivyofungwa kwa makini ndani ya mifuko yake. Hakuna hata kimoja kilichokwaruzwa.

Mkurugenzi aliichana barua, vipande vikapeperushwa na feni. Kisha akatoka.

Binti alimzima Punda na kumlaza tena mezani. Alichukua kijiti cha kwanza, akakisimamisha juu ya nafasi zilizo wazi.

"Naanza na ipi, mjomba?"

"Unajua."

"Najua. Nakuuliza."

Mzee alimwangalia Sajini. Sajini alikuwa tayari ameshika pingu; akairudisha mkandani, akaenda kuegemea nyuma ya Swala kwenye lile joto.

"Mwambie," alisema. "Mimi sina haraka."

"Ya mbali," mzee alisema, akiinuka kwa taabu. "Halafu unarudi taratibu kuelekea kwenye prosesa. Usikandamize. Kijiti kikiingia vizuri, utakisikia."