Nilibonyeza "Nakubali" Bila Kusoma

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kibuli, hapa Kampala. Baba ni mwalimu wa madrasa, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa kuandika programu za kompyuta. Kampuni yetu kubwa ya Nakasero ilihudumia maabara za zahanati nyingi. Kazi hiyo ilikuwa fahari ya nyumba nzima... nami nimeipoteza.

Zamani tulitoa mabadiliko ya programu mara moja kwa mwezi, roho mkononi. Ukaja mtindo wa devopsi. Waandishi wa programu na waendeshaji mitambo tukawa timu moja, mashine ikafanya majaribio yenyewe, kazi ikatoka kila siku. Sharti lilikuwa moja: mwenzako asome ulichoandika, ndipo abonyeze "Nakubali".

Mwenzangu alikuwa Furaha, mama wa watoto watatu aliyekimbia vita Kongo. Tulikula sahani moja. Basi tukazoea... yeye ananikubalia, mimi namkubalia, hakuna anayesoma. Nani anamkagua dada yake?

Ijumaa moja nilikuwa napanda kilima kwenda msikitini, akanipigia.

"Dada, bonyeza tu, iko sawa. Bosi ananisumbua."

Nikabonyeza kwenye simu, nikavua viatu, nikaingia kuswali.

Nilipotoka, simu imejaa ujumbe. Kumbe Furaha alikuwa amezima majaribio ya mashine kwa kuwa yalimchelewesha. Majibu ya damu yalikuwa yanakwenda kwa wagonjwa wasio wenyewe! Tukarudisha programu ya jana kabla mtu hajapewa dawa, alhamdulillahi.

Jumatatu tukaitwa kikaoni. Mkuu wetu alisema kwa mtindo huu hatulaumiani, kila mtu aseme ukweli tujifunze. Nikasema ukweli wote. Furaha akainama, akadai aliniomba nisome vizuri, na kwamba nilimhakikishia nimesoma. Ningebisha vipi, na jina langu liko pale chini ya "Nakubali"?

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuachishwa. Furaha alinipigia akilia. Eti nimsamehe, yeye ni mkimbizi, angekwenda wapi na watoto? Hata hasira ilinikataa.

Ndugu zangu, ukiambiwa kagua, kagua, hata aliyeandika akiwa wa tumbo moja nawe. Usimpe mtu jina lako kwa sababu unampenda.

Baba sijamwambia. Kila asubuhi navaa nguo za ofisini, ananiombea dua ya kazi mlangoni, nami naitikia amina.