Fuwele Yenye Mapengo

Ukasha alimlaza mzee kifudifudi kwenye lami ya Nyamwage, akamfunga pingu.

"Mwanangu, unanionea," alisema Mzee Abdala.

Ukasha alipasua gunia kwenye guta la mzee la magurudumu matatu. Mchele ukamwagika barabarani. Katikati yake, kopo la chuma. Ndani ya kopo, fuwele nyeusi, ndogo kama punje ya mahindi.

Soko zima lilikuwa linatazama.

"Mwizi mkubwa wewe!" Ukasha alifoka.

Alikuwa jasusi, hakuwa na muda wa adabu. Fuwele ya samariamu, metali adimu, iliyoibwa maabara, Dar, ilikuwa inatoroshwa kwa mnunuzi wa nje. Aliikimbiza kwenye gari la vipimo, kwa Dokta Zaitun, mwanafizikia wa Idara ya Usalama, akarudi kumhoji mzee.

Redio ilikwaruza. Alikuwa Zaitun.

"Ukasha, siyo yenyewe."

"Unasemaje?"

"Nimeipoza kwa heli ya kimiminika. Yetu ikipoa, ndani hukataa umeme, juu hupitisha vizuri. Elektroni zake zimeshikamana. Ukigusa moja, zote zinashtuka. Hii imejaa mapengo, atomu za samariamu zimekosekana. Kila pengo linazitawanya elektroni za juu. Ni chambo, Ukasha. Umeingizwa mtegoni."

Uso ulimwaka moto. Alimfungua mzee pingu, macho chini.

"Nani alikusaidia kupakia, baba?"

"Sasa ndiyo baba?" Mzee alijipangusa vumbi. "Kijana mmoja wa miwani. Nilimpa lifti. Kateremka Chumbi, kapanda gari, Noah nyeupe, karudi Ndundu, njia ya darajani."

Yamaha, pikipiki ya Ukasha, ilinguruma.

Aliikuta Noah juu ya Daraja la Mkapa, akaipita, akaikingamia. Kijana wa miwani alitoka na bastola. Risasi yake ilipasua taa ya pikipiki.

Ukasha alijirusha ubavuni. Glock yake ilibweka.

Mara moja tu.

Bastola ya kijana ilidondoka, naye akapiga magoti akiushika mkono wake. Chini ya kiti cha Noah mlikuwa na fuwele ya pili. Gari la vipimo lilipofika, Zaitun aliipoza, akatabasamu.

"Ndiyo hii."

"Kazi safi," mkuu wake alisema redioni. "Potea hapo. Sura yako isijulikane."

Ukasha alizima redio, akarudi Nyamwage. Alimwinamia mzee sikioni.

"Niwie radhi, baba."

"Umenitukana kwa sauti, radhi unaninong'oneza?"

Alivua kofia ya pikipiki iliyomficha sura, akawageukia watu.

"Huyu si mwizi! Nimekosea mimi!"

Mzee Abdala alimtazama, kisha akaenda zake msikitini.

Ukasha alitembea taratibu kuelekea pikipiki yake, mgongo umenyooka kama alivyofunzwa. Machozi yake hakuna aliyeyaona.