Siku Njema ya Kuzima Pampu

Siok-hun alikuwa akichambua majani ya viazi vitamu nyuma ya nyumba, kipaza sauti cha mtaa kilipokohoa. Mkuu wa mtaa hukohoa kwanza, kisha hupuliza, ndipo anasema. Watu walishamzoea. Mara atangaze chanjo ya mbwa, mara atangaze miwani iliyookotwa hekaluni.

"Ndugu wakazi," alisema siku hiyo, "mtambo wa maji wa mji wetu unabadilisha mfumo wake wa umeme. Jumamosi ijayo, tangu alfajiri mpaka Jumapili asubuhi, maji yatafungwa mji mzima. Wekeni akiba. Asanteni."

Siok-hun aliacha majani yake. "Jumamosi ipi?"

"Ijayo," alijibu mama mkwe wake kutoka kwenye kiti cha mianzi. Masikio ya bibi huyo yalikuwa mazima kuliko miguu yake. "Jumamosi ya Ya-ling."

Ya-ling alikuwa binti pekee wa Siok-hun, na Jumamosi hiyo alikuwa anaolewa. Hema lingefungwa barabarani mbele ya nyumba, meza za duara zingepangwa, na mpishi wa karamu angekuja na masufuria yake makubwa. Karamu ya namna hiyo inataka maji mengi. Kaa wasuguliwe, samaki waoshwe, supu ichemke, na vyombo vioshwe tena na tena. Tarehe nayo ilichaguliwa kwenye almanaka ya siku za heri, kwa kulinganisha siku za kuzaliwa za bibi na bwana harusi. Tarehe ya namna hiyo haiguswi.

Siok-hun alivaa ndara, akavuka njia.

Jirani yake Bun-hiong alikuwa fundi umeme katika mtambo wa maji. Alisoma darasa moja na Chin-hok, mume wa Siok-hun, kwa hiyo alimwita Siok-hun shemeji. Siok-hun alimkuta kibarazani anapuliza chai.

"Karibu chai, shemeji."

"Sitaki chai. Nataka kujua nani ameitazama siku ya harusi ya mwanangu, akasema, naam, hii ndiyo siku ya kutukatia maji."

"Mkubwa wetu wa kazi."

"Ana ugomvi na mimi?"

"Hata hakujui. Alifungua almanaka akatafuta siku nzuri ya kufunga mitambo mipya. Akaikuta Jumamosi. Siku njema kabisa, inafaa kuoa, kujenga na kuwasha mashine."

"Mitambo ya umeme na almanaka, wapi na wapi?"

"Na harusi na almanaka je?"

Siok-hun alikaa, akapokea kikombe.

"Basi badilisheni hizo nyaya zenu huku maji yanatoka," alisema baada ya kunywa kidogo. "Nani aliwaambia lazima mfunge?"

"Shemeji, maji hayaji kwako kwa miguu. Pampu moja inayavuta mtoni. Mashine nyingine zinatia dawa ili tope litulie chini. Yanachujwa, yanatiwa dawa ya kuua vijidudu. Halafu pampu kubwa inayasukuma mpaka tangi la kilimani, ndipo yashuke kwenu. Zote hizo zinakula umeme, na umeme wote unapita kwenye makabati yetu ya zamani. Nikifungua kabati umeme ukiwa ndani, Jumamosi mtakuja kula msibani kwangu."

"Usiseme hivyo, unakaribisha mabaya."

"Ndiyo maana tunazima."

Siok-hun aliuliza kwa nini wasisubiri. Makabati yalikuwepo miaka yote, si yangevumilia kidogo?

"Yako chini, sakafuni," alisema Bun-hiong. "Kimbunga cha mwaka juzi, mafuriko yalitufika magotini mle ndani. Makabati yakaungua, pampu zikasimama. Umesahau?"

Siok-hun hakuwa amesahau. Mji mzima ulikaa siku nyingi bila maji. Lori la maji lilisimama mbele ya hekalu, watu wakapanga foleni na ndoo. Mchana mmoja, Siok-hun akiwa kazini, mama mkwe alichukua ndoo akaenda mwenyewe. Aliteleza kwenye ngazi za hekalu akavunjika nyonga. Kabla ya hapo alikuwa akicheza dansi uwanjani kila asubuhi. Tangu hapo anatembea na mkongojo. Jambo hilo lilimuuma Siok-hun hata sasa.

"Makabati mapya yako ghorofani, mafuriko hayafiki," Bun-hiong aliendelea. "Umeme utaingia kwa njia mbili, moja kutoka kaskazini, moja kutoka mashariki. Moja ikikatika, nyingine ipo. Zikikatika zote, kuna jenereta inayojiwasha yenyewe."

"Na mkisogeza wiki moja tu?"

Bun-hiong alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Mkuu wa mtaa ni binamu ya mumeo. Akimpigia simu mkubwa wetu, akamweleza habari ya harusi, yule mzee ana moyo laini, ataahirisha. Lakini laini kubwa ya umeme haizimwi tunapotaka sisi. Tumepewa nafasi hii. Nafasi nyingine ni baada ya miezi ya vimbunga."

Siok-hun alirudi nyumbani polepole. Alimkuta Chin-hok sebuleni, simu mkononi.

"Nampigia binamu," alisema Chin-hok. "Dakika moja tu, mambo yataisha."

"Weka simu."

"Mama Ya-ling, wageni wote wale, na bomba kavu? Tutachekwa mpaka wajukuu wetu."

"Tukichekwa, tutachekwa siku moja. Kimbunga kikija na makabati yale yale, nani atabeba ndoo?"

Chin-hok alimtazama mama yake. Bibi alikuwa ameshika mkongojo, anatazama runinga iliyozimwa.

"Msiniangalie mimi," alisema bibi. "Mimi nataka kaa wangu Jumamosi, basi."

Chin-hok aliweka simu mezani.

Jioni iliyofuata Bun-hiong alikuja kuwaelekeza. Aliwaonyesha mapipa ya kuazima kwa majirani, akawaambia wayasugue vizuri na wayajaze Ijumaa. Maji ya kupikia na kunywa yakae kwenye mapipa yenye vifuniko, mbali na jua, na yachotwe kwa kata safi yenye mpini mrefu, si kwa mikono. Maji ya kuoshea vyombo yatoke kwenye tangi la juu ya paa. Mpishi wa karamu aambiwe mapema, aoshe samaki na kaa kwake kabla ya kuja.

Kisha alikwenda nyuma ya nyumba, akatazama pampu ndogo iliyopandisha maji kwenye tangi la paa. Alisikitika.

"Chin-hok, pampu hii umeiunga moja kwa moja na bomba la mji?"

"Mtaa mzima tumefanya hivyo. Maji yanapanda haraka."

"Sheria inakataza, na sababu ipo. Tutazungumza baada ya harusi. Kwa sasa nisikilize. Ijumaa usiku, tangi likijaa, zima swichi ya pampu. Usiiwashe mpaka nikwambie."

"Nikiiwasha?"

"Bomba likiwa tupu, pampu inavuta kwa nguvu. Haina maji ya kuvuta, itavuta chochote."

"Sawa, sawa," alisema Chin-hok, kwa sauti ya mtu ambaye sikio moja limeshatoka nje.

Bun-hiong alipokuwa anaondoka, Siok-hun alimpa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi. Mafundi wa nchi ile huweka pakiti kama hiyo juu ya mashine ili mashine iwe na adabu, isigome. Lazima iwe ya kijani, na lazima isiwe imepitwa na wakati.

"Iweke juu ya kabati lenu jipya," alisema Siok-hun. "Tarehe nimeangalia. Na mkimaliza, njoo ule. Kiti chako kipo."

Jumamosi ilifika na jua kali. Hema jekundu lilifungwa, wageni wakaja na bahasha zao nyekundu za pesa za zawadi, fataki zikalia. Ya-ling alishuka kwenye gari akiwa amevaa gauni jeupe, na Siok-hun akalia machozi ya furaha bila kujificha. Mpishi alifungua mapipa, akaonja maji, akaridhika. Sahani za kwanza zilitoka, kisha wali wa kunata wenye kaa. Bibi alikula kaa wawili na kumtazama wa tatu.

Katikati ya karamu, maji ya tangi la paa yalianza kupungua. Sahani zilikuwa zimerundikana, na akina mama waliokuwa wakiosha walilalamika kwamba bomba linatoa kama machozi. Chin-hok alisikia. Alifikiri, haiwezekani bomba refu lote lile la mji likose maji kabisa, lazima yamebaki kidogo. Alizunguka nyuma ya nyumba akawasha pampu.

Pampu ilinguruma vizuri tu. Chin-hok alirudi mezani ameridhika, akajimiminia kinywaji.

Haukupita muda, kelele zikazuka kwenye karai la vyombo.

"Nani ameleta chai humu?" alifoka mpishi.

Haikuwa chai. Maji ya bomba yalikuwa ya kahawia, yana chembe za mchanga, na yananuka mtaro. Siok-hun alikimbia nyuma ya nyumba akazima swichi. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama pale, amepauka.

"Nilidhani yamebaki kidogo," alisema Chin-hok.

"Chakula kimeguswa?"

"Hakijaguswa," alisema mpishi. "Maji ya kupikia tunachota kwenye mapipa. Lakini sahani hizi zote mimi sipakulii mtu. Na supu bado."

Siok-hun alizitazama sahani zilizorundikana. Harusi bila supu ya mwisho ni kama kumfukuza mgeni mlangoni. Aibu aliyoiogopa ilikuwa imefika, na imeletwa na mtu wa nyumbani.

Mama mmoja wa meza ya karibu alisimama. "Mimi nina ndoo mbili nyumbani, safi, nimezifunika."

"Sisi tuna beseni," alisema mwingine.

Mkuu wa mtaa alitaka kutangaza, akakohoa, lakini watu walikuwa wameshaondoka. Waliokuja na bahasha walirudi na ndoo. Walipita katikati ya meza wakiwa na nguo zao za harusi, wakiinua miguu ili viatu visilowe, wanataniana. "Chin-hok, zawadi yangu nimeileta mara mbili, na wewe mwaka kesho kwenye harusi ya kwangu unipe mara mbili!" Sahani zilioshwa upya, zikasuuzwa kwa maji ya moto, na supu ikapakuliwa.

Bun-hiong alifika giza likianza kuingia, sare yake imejaa vumbi. Siok-hun alimwekea supu, na Chin-hok mwenyewe akamweleza yaliyotokea, kwa sababu bora ayaseme yeye kabla hayajasemwa na mtaa mzima.

"Bomba la mji likiwa limejaa, maji yanasukuma kwenda nje," alisema Bun-hiong. "Penye ufa, yanavuja tu, uchafu hauingii. Likiwa tupu na wewe unavuta kwa pampu, mambo yanageuka. Ufa huo huo unanyonya tope la mtaro, kama mtoto na mrija. Na bomba ni la wote, Chin-hok. Uchafu ulioingia leo unaweza kufika kwa jirani."

"Basi hata watu walioniletea ndoo ningewapa ugonjwa."

"Ungeweza. Kula kwanza."

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, bomba la uani lilipiga chafya mara kadhaa, likaanza kutoa maji. Yalikuwa na ukungu. Waliyaacha yatoke, wakayakinga ya kumwagilia bustani, mpaka yakawa maangavu. Majirani waliambiwa wafanye hivyo hivyo, na wasinywe bila kuchemsha. Chin-hok alipanda juu ya paa akalimwaga tangi, akalisugua, akalitia dawa kama alivyoelekezwa, akalisuuza. Ilimchukua siku nzima, na hakuna aliyemhurumia.

Baadaye alinunua tangi la chini. Sasa maji ya mji yanaingia humo yenyewe, kwa nguvu yake, na pampu inavuta kwenye tangi, haigusi bomba la mji. Bomba la uani peke yake ndilo linalopokea maji ya mji moja kwa moja. Kwa kuwa alishaaibika, aliona afadhali aibu hiyo ifanye kazi. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wengine, na wengi walibadilisha.

Mwezi wa nane kimbunga kilikuja. Upepo uling'oa mabati, mto ukapanda, umeme ukakatika mji mzima. Siok-hun alikuwa amejaza mapipa tangu jana yake, kwa tahadhari. Upepo ulipotulia alitoka uani na kulitazama bomba. Aliogopa kulifungua.

"Si ulifungue," alisema bibi nyuma yake. Alikuwa na mkongojo mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, ndoo ile ile ya hekaluni.

"Mama, umeme hakuna. Pampu yetu haifanyi kazi."

"Sijauliza pampu yetu. Nauliza yao."

Siok-hun alifungua. Maji yalitoka, maangavu, kwa nguvu ya kila siku. Huko kwenye mtambo jenereta ilikuwa imejiwasha, na makabati mapya yalikuwa makavu ghorofani yakiwa na ile pakiti ya kijani juu. Siok-hun aliziba mdomo kwa mkono, na machozi yakamtoka.

Bibi alitazama maji kwa muda. Kisha aliigeuza ndoo kifudifudi karibu na bomba, akaegemeza mkongojo ukutani, akaikalia.

"Nipe majani ya viazi," alisema. "Niyaoshe."