Mbegu Zilizonywewa

Sikilizeni, watu wa Butiama, na ninyi wa Bunda mnaosikiliza kana kwamba hayawahusu. Miaka imepita, lakini mimi sisahau.

Mwaka ule baada ya vita ya Mjerumani na Mwingereza, asubuhi za Gati zilikuwa tulivu. Alikoroga uji wa unga wa msaada, akaunywa polepole, akasuuza kibuyu, kisha akakaa mlangoni. Mumewe, Burito, alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hakurudi. Watoto wao wawili waliondoka na homa iliyofuata vita. Mji wao, yaani boma la familia, uliokuwa na kelele ulibaki na sauti moja, na hiyo nayo Gati alianza kuisahau, maana hakuwa na wa kumsemesha.

Jambo moja lilimtia nguvu: avune, hata mara moja. Mji usiolima, jumbe aliuhesabu umekufa, ardhi yake akampa mwingine.

Siku moja karani wa msaada akaja kutoka Musoma. Safari hii hakuleta unga. Kila mji ulipewa jembe na kapu la mbegu za ulezi.

"Vita imekwisha," alisema karani. "Sasa mlime. Unga ndiyo basi."

"Bwana, ulezi unaiva leo?" aliuliza Gati. "Mpaka uive tutakula nini?"

"Mama, mimi nimetumwa majembe. Matumbo sikutumwa."

Watu wakacheka. Angalieni hapo, jamani: walicheka.

Gati alijaribu. Shamba halikuwa limeguswa tangu Burito aondoke, na mizizi ya majani ilikuwa imeshikana kama mkeka. Alikula mlenda wa porini, akalima kipande, akaanguka, akainuka. Mawingu yalipoanza kukusanyika alikwenda kwa Enoka, mdogo wa Burito, aliyeongoza risaga, ile kazi ya kijiji kizima kumlimia mtu mmoja, naye huwanywesha pombe.

"Tutakuja, shemeji," alisema Enoka. "Lakini risaga inafuataga pombe. Machozi haifuati."

"Nafaka sina."

"Kapu si ulipewa kama sisi?"

"Hizo ni mbegu."

"Toa kidogo. Au unataka watu waseme mji wa kaka yangu umewaalika kunywa maji?"

Gati akaloweka nusu ili ziwe kimea. Mke wa Enoka, Dorkas, akaja kuchungulia chungu.

"Hii itawatosha wachunga mbuzi wangapi, mke mwenzangu?"

Alisema akicheka, bila chuki. Ubaya mwingine ndivyo unavyoingia mlangoni. Gati aliona aibu. Tena, niseme kweli, alitamani watu. Alitamani uwanja wake ukanyagwe. Akamimina na nusu iliyobaki majini, na mbegu ikishaota ikasagwa, hairudi kuwa mbegu.

Siku ya risaga walikuja kwa nyimbo. Majembe yalipanda na kushuka pamoja, udongo ukageuzwa mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu mmoja alimwita "mama wa mji huu," Gati akacheka, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Jua lilipoinama vyungu vilikuwa vikavu, na watu wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pombe ile ilitoka wapi. Wote walijua, maana wote walipewa kapu kama lile.

Mvua ikanyesha. Gati akasimama kwenye shamba zuri kuliko yote pale, mikono mitupu. Akaenda kwa Enoka.

"Shemeji, nipe mbegu, hata kibaba."

"Zako ziko wapi?"

"Mlizinywa."

Enoka alitazama pembeni. "Tulidhani umebakiza. Zetu tumeshatia ardhini."

Kila mlango ulijibu hivyohivyo. Karani naye alimwambia, "Wewe ulishapewa, mama."

Magugu yakaota, na udongo laini uliyastawisha. Gati akaenda Bunda kusaga nafaka katika nyumba za wafanyabiashara, akalala jikoni, akaitwa "yule mama wa kusaga." Huko hakuna aliyejua ukoo wake, na huko alizikwa. Msimu wa pili jumbe alimpa Enoka lile shamba. Enoka alilisifu kwa watu: halikumsumbua kulima.

FUNZO

Mnaogawa msaada, mtu hali jembe. Unga usikatwe siku mbegu inapofika. Ukatwe siku ya mavuno. Nasi tuliobaki tujue kwamba risaga iliwekwa ili mnyonge ainuke. Desturi inayomla mnyonge ni wizi wenye nyimbo. Ukienda kumlimia mfiwa, nenda na kiu yako, urudi nayo. Wala msimtupie lawama karani peke yake, kwamba yeye ndiye aliyeua mji wa Gati. Karani alikata unga. Mbegu zilinywewa na majirani.