Waya wa Vimalaika

Siku vimalaika walipogoma kula, Fundi Friji aliilaumu chumvi.

"Nimekoroga vibaya," alijisemea. Akachota maji ya tangi kwa kikombe, akayapima, akakuta chumvi iko sawasawa. Joto sawa, pampu inafanya kazi. Wale vimalaika, samaki wake wawili wa baharini, wadogo wa kuenea kiganjani, mwili buluu na kifua rangi ya chungwa, kazi yao kutwa nzima ilikuwa kudonoadonoa ukoga kwenye mawe na kugombania pango moja utadhani wapangaji. Siku hiyo hawadonoi wala hawagombani. Wamesimama bega kwa bega, vichwa wameelekeza ukutani, na nyuma ya ukuta ule ndiko kilikokuwa chumba cha marehemu mama yake.

Chumvi ya watu ikasingiziwa bure. Fundi mwenyewe alijua vizuri vimalaika wanaangalia nini.

Alikuwa fundi hodari, tusimnyime haki yake. Majokofu ya mtaa mzima yalipitia mikononi mwake, na tangi lile alilitengeneza mwenyewe pale sebuleni, mawe akayapanga moja moja. Kwa kuwa umeme ulikuwa haueleweki, alifunga betri ya gari na inveta yenye tundu moja tu la kuchomekea. Tundu hilo lilikuwa la mashine ya mama ya kupumulia. Betri isingeweza kubeba vitu viwili, na aliyelijua hilo kuliko wote ni yeye.

Alasiri moja, mama akiwa bado hai, umeme ukakatika. Mashine ya mama ikaendelea kwa betri kama kawaida, lakini vimalaika wakapanda juu ya maji, midomo wazi, wanatweta. Fundi akachomoa waya wa mama, akachomeka wa pampu. Dakika mbili tu, alijiambia, wapate nguvu halafu naurudisha. Akasimama kwenye kioo anawatazama rangi zinavyowarudia, na moyo wake ukafurahi, ndiyo, ukafurahi, hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

"Kitinda," mama akaita toka chumbani. "Hewa."

Kitindamimba wake alikuwa yeye, na hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

"Nakuja, mama," alijibu, macho kwenye kioo.

Alipokwenda alikuwa amechelewa. Akaurudisha waya wa mashine mahali pake, ndipo akampigia dada yake simu. "Mama ameondoka usingizini, dada. Mashine ilikuwa inafanya kazi." Msibani watu wakamshika mikono, wakamsifu alivyomtunza mzazi, naye akaitikia kila sifa huku roho inamsuta.

Dada yake, fundi cherehani, hakutaka mdogo wake abaki peke yake. Akahamia na cherehani yake, akaiweka palepale sebuleni karibu na tangi.

"Hivi wewe unasikia harufu ya kafuri?" aliuliza siku moja. Mama alikuwa akichuliwa kifua kwa mafuta ya kafuri.

"Sisikii kitu."

"Na hii pampu yako mbona inahema?"

"Pampu ndivyo zilivyo, dada."

Dada akacheka. "Basi ipeleke kwa fundi." Fundi naye akajilazimisha kucheka, lakini alikuwa ameshaisikia: ilivuta ndani taratibu, ikakwama kidogo, ikatoa kwa mkwaruzo, ikavuta tena, na vimalaika kule ndani wakafumbua midomo ilipovuta na kuifumba ilipotoa, wote wawili kwa pamoja, na kila siku jua likianza kuteremka ile kafuri ilizidi kupanda toka kwenye maji yaliyopaswa kunuka bahari, mpaka akawa anatafuta kazi za mbali ili alasiri isimkute nyumbani.

Halafu ile pumzi ikamhamia dada. Alikuwa anashona, akashika kifua, akaanguka juu ya kitambaa. Hospitali wakampima kila kitu wasione ugonjwa, na kila alasiri kifua kinambana zaidi. Jirani mmoja ndiye aliyeleta mganga, mama mnene mwenye miwani, ambaye alimtazama mgonjwa, akalitazama tangi, akafunga mlango.

"Amepandisha," alinong'ona. Kisha akamwinamia dada sikioni. "Wewe uliye humu, unataka nini?"

Kinywa cha dada kikafunguka. Sauti haikuwa ya dada.

"Nataka waya."

Mganga akavua miwani. "Nimeombwa pete, nimeombwa manukato, kuna jini liliwahi kuniomba redio. Waya? Mwanangu, waya gani huu?"

Midomo ya dada ilikuwa inaiva rangi ya zambarau. Fundi alikwenda kwenye tangi, akauchomoa waya wa pampu, akaja nao mkononi. Pampu ikanyamaza.

"Huo hapo," alisema. "Uchukue, mwache dada yangu."

"Ulikuwa wapi?" sauti ikauliza.

Akapiga magoti, akamwekea dada mdomo sikioni ili hata mganga asisikie, akayamwaga yote kwa mnong'ono mmoja, betri na tundu moja na dakika mbili zilizozidi, na lile neno hewa alilolisikia vizuri akalijibu kwa nakuja, na kwamba alikuwa anafurahi, Mungu wangu, alikuwa anatazama samaki na anafurahi. Kifua cha dada kikashuka. Pumzi ikaingia.

Mganga akamshika bega. "Umemwambia nani?"

"Nimeliambia lenyewe."

"Lenyewe linajua. Huyu akipandisha hasikii kitu. Akizinduka, mwambie yeye kwa kinywa chako, ndipo litatoka. Ukimficha, litabaki." Akatoka, akawaacha wawili.

Dada akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akamgusa mdogo wake shavuni.

"Upo? Ulivyomtunza mama ndivyo unavyonitunza na mimi. Mungu akulipe, mdogo wangu. Kilichonipanda kilikuwa kinataka nini?"

Fundi akafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari kooni, yamebakiza kutoka tu. Akautazama ule uso uliokuwa unamshukuru.

"Hakuna kitu, dada. Pumzika."

Nyuma yake maji yakavuta pumzi. Yakakwama kidogo, yakaitoa kwa mkwaruzo.

"Kitinda. Hewa."

Dada akainuka kwa kiwiko. "Nini hiyo?"

"Pampu," alisema haraka. "Ni pampu tu, dada."

Dada akawatazama vimalaika, waliokuwa wamegeuka sasa wanawaangalia wao, midomo ikifumbuka na kufumbika kwa pamoja. Kisha akashusha macho kwenye mkono wa mdogo wake, ambao ulikuwa bado umeushika waya wa pampu.