Asilimia Kumi na Nne

Regina alikuwa ameinama akipanga stroberi kwenye sinia, katikati ya vurugu za soko la Morogoro siku ya Jumamosi, alipohisi kitu kikimgusa kiunoni. Aligeuka. Gari kubwa jeupe lilikuwa limemfikia bila mngurumo wowote. Aliruka, sinia likamponyoka, stroberi zikatapakaa mpaka chini ya matairi.

"We kaka! Hilo ni gari au mzimu?"

Aliyeshuka alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limenyooka kwa pasi. "Samahani sana, dada. Ni la umeme, halina sauti. Leo ni siku ya tisa tu tangu nilichukue."

"Basi lifunge kengele, kama mbuzi!"

Kijana alicheka, akapiga magoti na kuziokota moja moja, hadi suruali yake ikawa nyekundu magotini. Aliitwa Jastin Mkude, mpima ardhi, mkazi wa Kihonda. Regina alikuwa binti wa Nyandira, kule juu Mgeta, aliyeshusha mboga na matunda mara mbili kwa wiki. Siku hiyo alivaa kitenge cha njano, na Jastin alijikuta akiokota polepole kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile alimrudisha nyumbani. Viti vilikuwa bado na nailoni za dukani, na kila Regina alipojigeuza vililia chwa, chwa.

"Huzitoi hizi?"

"Nitazitoa siku nikimpata wa kukaa hapo kila siku."

"Maneno hayo! Ndiyo uliyofundishwa kwenye upimaji?"

Jastin alimweleza vituko vya gari lake. Lilivyoruka mbele ukiligusa tu. Wafanyakazi wa kituo cha mafuta walivyomcheka aliposimama kujaza upepo. Jirani yake alivyouliza kila asubuhi linakula lita ngapi. Lakini kilichomshangaza zaidi alikigundua wikiendi iliyofuata, walipokuwa wakiteremka pamoja kutoka Mgeta: namba ya chaji kwenye kioo ilikuwa ikipanda.

"Linakula mteremko?" Regina alishangaa.

"Linakula mteremko, mpenzi."

"Na mlima?"

"Mlima ndio unalila lenyewe," alijibu, wakacheka wote.

Kwa miezi miwili hapakupita siku bila simu. Ndipo Regina akamtambulisha kwa baba yake, Mzee Yakobo, mkulima wa kabichi ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mjini kwa siku tano kufanya upasuaji. Ijumaa saa sita mchana wangefunga na kuondoka, wasirudi mpaka Machi.

"Nitakuja kuwachukua mwenyewe, baba," Jastin alisema. "Ijumaa, saa moja asubuhi."

Alhamisi aliwapeleka rafiki zake Mikumi kulionyesha gari, akarudi jioni na chaji kidogo. Alichomeka waya. Kabla hajamaliza kula, radi iliipiga transfoma ya mtaa, Kihonda yote ikazima. Alfajiri umeme ulikuwa haujarudi, naye hakujua mahali pengine pa kuchajia. Kioo kilisema asilimia kumi na nne, kilomita sitini na mbili. Nyandira haikufika hata sitini. Kioo hakikusema lolote kuhusu mlima.

Simu iliita.

"Jasti, umeamka?"

"Niko njiani, kipenzi."

"Sikiliza. Lori la Mwinjuma linashuka sasa hivi, na amemwekea baba nafasi mbele. Kama huna hakika, tupande hilo. Sitakasirika."

"Regina! Baba apande lori la kabichi na mimi nipo?"

"Chaji iko?"

Jastin alitazama kioo. "Iko ya kutosha."

Mpaka Mlali hapakuwa na tatizo. Mlima ulipoanza, namba zikaanguka. Tisa. Sita. Alizima redio, akazima kiyoyozi, akaendesha kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Mbili. Kwenye kona yenye matope gari lilipunguza nguvu, likatembea kama kobe, likasimama. Simu haikuwa na mtandao.

Wakulima wanne waliweka majembe chini wakaja kusukuma.

"Weka fri, kaka!"

"Halikubali. Limejifunga lenyewe."

"Sasa gari gani hili linalokataa kusukumwa?"

Wakati huo lori la Mwinjuma lilitokea juu, limejaa kabichi. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mwinjuma alishusha kioo.

"Regina kasema wewe unakuja."

"Rudi ukawachukue, kaka yangu, nakuomba!"

"Nirudi na mzigo huu? Barabara hii nigeuzie wapi?"

Jastin alitazama kiti kile kikipita mbele yake na kupotea kwenye kona. Akaanza kupanda kwa miguu.

Alifika saa saba mchana. Mzee Yakobo alikuwa bado ameketi kando ya njia, amevaa koti lake la misa. Regina alisimama pembeni yake na gauni jeupe, viatu mkononi.

"Chaji ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne."

"Nilipokuuliza?"

"Kumi na nne, Regina."

Regina alimshika baba yake mkono, akamwongoza kurudi nyumbani. Jastin hakuthubutu kuwafuata.

Wiki tatu Regina hakupokea simu. Gari lilivutwa mpaka mjini, likachajiwa, likawa zima kabisa, na Jastin hakuona raha kulipanda. Jumapili moja alidandia pikipiki hadi Nyandira. Alimkuta mzee peke yake kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni yule wa gari."

"Ndiye. Nilidanganya, baba. Nimekuja kuomba radhi. Sina cha kurekebisha."

Mzee aligeuza uso kuielekea sauti yake. "Miaka miwili sijauona uso wa binti yangu," alisema. "Wewe una macho. Amekuwaje?"

"Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto."

"Hilo nalijua. Alianguka mtoni."

"Akihesabu mboga, paji la uso hukunjana katikati. Akicheka hujifunika mdomo. Na amekonda, baba. Tangu Ijumaa ile amekonda."

"Umejuaje, na hamjaonana?"

"Namwona sasa. Amesimama mlangoni nyuma yako."

"Analia?"

"Analia, baba."

"Basi usinielezee mimi. Mwambie yeye."

Jastin alisimama. Machi ilikuwa mbali, na hakuwa na uwezo wa kuileta karibu hata kwa siku moja. "Regina," alisema, "sina ahadi ya kukupa. Ila nataka kukuoa, na hilo si uongo."

Regina alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akamsogezea kigoda kingine.

"Kaa kwanza ule," alisema.