Nani Alishika Taa

Binti mpiga picha alikutana na fundi wa lifti kwenye foleni ndefu ya picha za pasipoti. Shati la fundi la samawati limepigwa pasi likanyooka, tabasamu la mtu anayejijua. Lakini alikuwa amejibanza ukutani, ikabidi binti amwambie asogee karibu na taa.

"Kwani taa haiwaki?" fundi akauliza.

"Inawaka, ila mwanga unasambaa. Ukisimama mbali mara mbili, ule ule unatandazwa upana mara mbili na urefu mara mbili. Uso wako unapata robo."

"Kwa hiyo nikienda mbali utanipenda robo?"

Foleni nzima ikacheka. Binti naye akacheka, na hapo habari yake ikaisha: alikuwa amempenda.

Mwaka mmoja wa raha ukapita. Kisha fundi akahamishiwa kazi mji wa mbali, simu zikaanza kuwa fupi. Ijumaa moja hakupokea kutwa nzima. Jioni akatuma picha, mikono yote miwili ameikunja kifuani: "Niko chumbani kwangu peke yangu, laazizi. Nimekukumbuka."

Mpiga picha akaikuza. Shavu liling'aa, sikio la upande ule ule lilikuwa gizani. Taa ya dari ingemulika vyote karibu sawa. Taa hii ilikuwa shubiri moja tu kutoka usoni. Akapiga simu.

"Picha umejipigaje?"

"Simu nimeiegemeza kwenye kikombe."

"Na taa?"

"Ya dari, mpenzi."

"Taa ya dari haikai shubiri moja na shavu. Na mikono yako yote naiona. Nani amekushikia taa?"

Mtu akakohoa upande wa pili, na alikuwa mwanamke.

"Basi," akasema binti. "Usinipigie tena."

"Subiri. Ongea naye mwenyewe."

"Mimi niongee na huyo?"

"Mwanangu," sauti ikajibu, na ilikuwa ya mama mzazi wa binti. "Tuko huku nyumbani kwetu, umeme umekatika, na mkono wangu umekufa ganzi kwa kushika tochi yake hii. Huyu kijana ameshinda ndani ya basi kutwa, amekuja kukuposa. Alitaka iwe siri mpaka kesho. Nimwambie nini?"

Binti akakaa chini. Aibu na furaha vilimpanda kwa pamoja, machozi yakamtoka.

"Mwambie nimekubali, mama. Na asithubutu kujifunza kudanganya vizuri."